Epithelia ya mwili wa binadamu: anza na kazi, umbo litafuata

#1. Mwalimu wa Kongwa

Wanajukwaa, salaam. Wanafunzi wengi wa baiolojia wa hapa kwetu Kongwa, na nadhani wa Dodoma Mjini, Mpwapwa na Manyoni pia, hulikariri jedwali la aina za epithelia mpaka wanaweza kulitaja wakiwa wamefumba macho. Lakini ukimwuliza mmoja wao kwa nini ukuta wa kifuko cha hewa kwenye mapafu una safu moja tu ya seli bapa, ilhali ukuta wa umio una safu nyingi, ananyamaza. Hoja yangu katika uzi huu ni kwamba umbo la seli na idadi ya safu zake hutokana na kazi inayofanyika mahali husika, na kwamba anayeielewa kazi hiyo anaweza kulifikia jibu kabla ya kufungua kitabu. Mifano mingi nitaichukua kwenye maradhi tunayoyafahamu huku katikati ya nchi, kwa sababu ugonjwa huonyesha wazi ni kazi gani iliyopotea.

Epithelia ni tishu inayofunika mwili kwa nje, inayotanda ndani ya kila mfereji na kila uwazi wa viungo, na inayounda tezi. Chochote kinachoingia mwilini au kutoka, kiwe ni hewa, uji wa uwele, dawa, jasho au mkojo, hakina budi kupita ndani ya seli hizi au katikati yake. Kwa hiyo sifa zake zote zinahusiana na ulinzi wa mpaka huo. Seli zimebanana, na kati ya moja na nyingine hakuna nafasi kubwa wala nyuzi nyingi kama zilizomo katika tishu unganishi. Zimeshikamanishwa na viungio vya aina kadhaa: vile vya kubana, vilivyo karibu na upande wa juu, huzuia maji na chumvi visipenye ovyo katikati ya seli, desmosomu hushika seli zisiachane zinapovutwa, na ndiyo sababu ngozi ina desmosomu nyingi sana, na vingine ni vipenyo vidogo ambavyo seli jirani hupitishiana kemikali.

Sifa ambayo wanafunzi huipita haraka, na ambayo mimi naiona kuwa ndiyo ya msingi, ni kwamba kila seli ya epithelia ina pande mbili zisizofanana. Upande mmoja unatazama nje au uwazi wa kiungo, na upande wa pili umekalia utando wa msingi, ambao ni tabaka jembamba sana lenye kolajeni ya aina ya nne na protini iitwayo laminini. Protini zilizopachikwa upande wa juu si zile zilizopachikwa upande wa chini, na tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha seli ya utumbo kuchukua sukari kutoka kwenye chakula na kuipeleka kwenye damu badala ya kuirudisha ilikotoka.

Epithelia haina mishipa ya damu ndani yake, ingawa ina ncha za neva. Tena inajirudishia seli zake kwa kasi kuliko tishu nyingi: ukuta wa utumbo mwembamba hubadilisha seli zake kwa muda wa siku 3 hadi 5, ngozi ya juu huchukua wiki nne hivi au zaidi, na ukuta wa kibofu cha mkojo huenda polepole mno. Kuhusu asili, epithelia hutokana na tabaka zote tatu za kiinitete, yaani ngozi hutoka tabaka la nje, ukuta wa utumbo na wa mapafu hutoka tabaka la ndani, na ukuta wa mishipa ya damu hutoka tabaka la kati.

Sasa tuingie kwenye aina. Pale ambapo kazi ni kupitisha vitu haraka bila kutumia nguvu, utakuta safu moja ya seli bapa. Mapafu yote mawili ya mtu mzima yana vifuko vya hewa vinavyokadiriwa kuwa kati ya milioni 300 na milioni 500, na mahali pembamba zaidi umbali kati ya hewa na damu haufiki hata maikromita moja. Oksijeni husafiri kwa msambao tu, yaani hutoka ilipo nyingi kwenda ilipo chache, na kadiri ukuta unavyonenepa ndivyo msambao unavyopungua. Kuta za kapilari nazo zina umbo hilohilo kwa sababu hiyohiyo.

Pale ambapo seli inatakiwa ifyonze au itengeneze kitu, ubapa hautoshi. Seli inahitaji nafasi ya mitokondria, ya mitambo ya kutengenezea protini na ya vifuko vya kuhifadhia bidhaa, kwa hiyo inainuka. Seli za mchemraba utazikuta kwenye mirija ya figo na kwenye tezi ya thairoidi, na thairoidi ni mfano mzuri wa hoja yangu, maana ikiwa imelala seli zake hufanana na bapa, na ikichochewa na homoni huinuka na kuwa ndefu. Seli za nguzo, ambazo ni ndefu zaidi, zimetanda kuanzia tumboni hadi kwenye rektamu. Katika utumbo mwembamba upande wake wa juu una maelfu ya vinyuzi vidogo vinavyoongeza eneo la kufyonzea. Vitabu vya zamani vilisema eneo la ndani la utumbo linalingana na uwanja wa tenisi. Vipimo vilivyochapishwa nchini Sweden mwaka 2014 vililishusha hadi mita za mraba zipatazo 30, na bado ni eneo kubwa kwa kiungo kinachokaa tumboni.

Pale penye msuguano, safu moja ingekwisha siku hiyohiyo, na kwa hiyo utakuta safu nyingi. Seli mpya huzaliwa chini, husukumwa juu, na zile za juu hupotea bila hasara. Pakiwa pakavu, kama kwenye ngozi, seli za juu hufa zikiwa zimejaa keratini, yaani protini ngumu; pakiwa na unyevu, kama kinywani, kwenye umio, ukeni na kwenye konea (sehemu angavu ya mbele ya jicho), hubaki hai mpaka zinapobanduka. Unene nao hufuata kazi: ngozi ya juu ya kope haifiki hata sehemu ya kumi ya milimita, na ile ya unyayo hufika milimita moja na zaidi. Mkulima wa alizeti anayeshika jembe msimu mzima huota sugu viganjani kwa kanuni hiyohiyo.

Zinabaki aina mbili zenye majina marefu. Njia ya hewa, kuanzia puani hadi kwenye vikoromeo, imetandwa na epithelia ya nguzo yenye safu za bandia, yenye silia (vinyweleo vidogo vinavyopigapiga) na seli za kutengeneza ute. Vumbi la Dodoma la mwezi wa Septemba hunaswa na ute huo, na silia huusukuma kuelekea kooni, tukaumeza au tukautema. Kibofu cha mkojo na mirija yake vina epithelia badilifu, ambayo nitaieleza mtu akiuliza.

Tezi pia ni epithelia. Zile zenye mirija, kama za jasho na mate, zimebaki na njia ya kutokea juu. Zile zisizo na mirija, kama thairoidi, zimepoteza njia hiyo na humwaga homoni kwenye damu. Karibuni kwa maswali.

#2. PCB Dodoma Mjini

Shikamoo Mwalimu. Nipo kidato cha tano. Umesema epithelia haina mishipa ya damu. Ngozi ina safu nyingi, na unyayo ndio mnene kuliko sehemu nyingine. Seli za katikati zinakula nini? Na mbona tukijikata tunatoka damu?

#3. Mwalimu wa Kongwa

Marahaba. Chakula na oksijeni hutoka kwenye kapilari zilizo katika tishu unganishi, chini ya utando wa msingi, na husambaa kuelekea juu seli kwa seli. Zilizo karibu na utando hupata vya kutosha, nazo ndizo zinazogawanyika. Kadiri seli inavyosukumwa juu ndivyo inavyozidi kuwa mbali na damu, na kwenye ngozi hilo halina madhara kwa kuwa seli za juu kabisa zimekwisha kufa na kazi yake ni kuwa ngao tu. Ukijikata ukatoka damu, ujue wembe umevuka epithelia na kufika kwenye tishu unganishi iliyo chini.

Ushahidi unao nyumbani. Lengelenge la kushika mpini wa jembe hujaa majimaji meupe, si damu, kwa sababu msuguano umezitenganisha seli ndani ya epithelia yenyewe, mahali pasipo na mshipa wowote. Funza naye anaijua anatomia hii vizuri. Jike lake hujichimbia ndani ya ngozi ya juu na mwili wake hukaa humo unavimba kwa mayai, lakini humo hakuna damu ya kunywa, kwa hiyo lazima kichwa chake kifike kwenye tabaka la chini lenye mishipa, huku ncha ya nyuma ikibaki wazi juu ya ngozi kwa ajili ya kupumua na kutoa mayai.

#4. Fundi Sanifu Maabara

Naunga mkono mada, na ninaomba niongeze jambo kwa wale wanaokutana na slaidi kwenye mitihani ya vitendo. Tunapoandaa kipande cha tishu na kukipaka hematoksilini na eosini, viini vya seli huwa na rangi ya zambarau inayokaribia bluu na sehemu nyingine huwa ya pinki. Mipaka kati ya seli na seli mara nyingi haionekani vizuri, kwa hiyo unayehesabu safu unahesabu viini. Hapo ndipo mtego ulipo.

Katika njia ya hewa, seli zote zimegusa utando wa msingi, ila si zote zinazofika juu, na viini vyake viko kwenye vimo tofauti. Mtazamaji asiye makini huandika kuwa ni safu nyingi. Ukiona silia upande wa juu, fikiria kwanza safu za bandia. Mtego wa pili ni mkato wa mshazari: ukuta wa utumbo ukikatwa kwa ulalo, seli za nguzo za safu moja huonekana zimepangana juu ya nyingine, na dawa yake ni kusogeza slaidi mpaka upate mahali palipokatwa wima. Tatu, epithelia ya safu nyingi hupewa jina kwa umbo la seli za juu kabisa. Za chini karibu zote ni za mviringo au za mchemraba hata kwenye ngozi, na mwanafunzi anayeanza kusoma kutoka chini atakosea kila mara.

#5. Mtazamaji wa Makole

Mwalimu, hoja yako ni nzuri, lakini naona ina tundu. Umesema penye msuguano pana safu nyingi. Damu inapita kwenye mishipa mchana na usiku, tena kwa shinikizo, na katika aota inakwenda kwa kasi kubwa. Mbona ukuta wa ndani wa mishipa yote, kuanzia kapilari hadi aota, una safu moja tu ya seli bapa? Kwa kanuni yako, aota ilistahili kuwa kama unyayo.

#6. Mwalimu wa Kongwa

Swali hili ni zuri kuliko maelezo yangu ya mwanzo. Kuna tofauti kati ya kusuguliwa na kitu kigumu na kupitiwa na kimiminika. Tonge la ugali wa mtama au mfupa wa samaki hukwaruza seli na kuzing'oa. Damu hupita sambamba na ukuta, na nguvu inayoziburuta seli ni ndogo. Seli hizo huihisi nguvu hiyo, hujilaza kwa kufuata mkondo, na hutumia taarifa hiyo kuamua kama mshipa utanuke au usinyae. Shinikizo, ambalo ni jambo jingine, halibebwi na epithelia hata kidogo. Hubebwa na misuli na nyuzi za elastini zilizo chini yake, na ndiyo maana ukuta wa aota ni mnene ilhali safu yake ya ndani ni ileile ya kapilari. Kazi ya safu hiyo katika aota ni kuwa laini ili damu isigande.

Nakubali hata hivyo kwamba kanuni yangu haielezi kila kitu. Uso wa ovari umefunikwa na seli za mchemraba za safu moja, na sijaona maelezo ya kazi yanayoniridhisha. Asili ya kiinitete nayo ina neno lake. Lakini kwa sehemu kubwa ya mwili kanuni inafanya kazi, na uthibitisho wenye nguvu zaidi ni kwamba mazingira yakibadilika kwa muda mrefu, epithelia yenyewe hubadili umbo.

Mvutaji wa sigara huzidhoofisha silia zake, na baada ya miaka sehemu za njia yake ya hewa huacha kutengeneza seli za nguzo na kuanza kutengeneza seli bapa za safu nyingi, zinazostahimili moshi lakini zisizoweza kusukuma ute. Kikohozi chake cha asubuhi ni kazi ya silia inayofanywa na misuli ya kifua. Mtu ambaye asidi ya tumbo hupanda kwenye umio kwa miaka mingi anaweza kukutwa na mabadiliko ya kinyume, yaani seli bapa za sehemu ya chini ya umio zimeacha nafasi kwa seli za nguzo zinazofanana na za utumbo. Upungufu wa vitamini A nao hufanya hivyo mwili mzima: mwaka 1925 watafiti Wolbach na Howe walionyesha kwa panya kwamba bila vitamini hiyo, epithelia ya njia ya hewa, ya tezi na ya mfumo wa mkojo hugeuka kuwa bapa yenye keratini. Kwa mtoto, dalili huonekana kwanza machoni, kwa kutoona vizuri giza linapoingia na kwa ukavu wa jicho. Hiyo ndiyo sababu ya matone ya vitamini A ambayo watoto wa miezi 6 hadi 59 hupewa kila baada ya miezi sita, na ndiyo sababu mboga za majani mabichi, maboga na viazi lishe vina thamani kubwa kwenye sahani ya mtoto.

Mabadiliko haya si saratani. Chanzo kikiondolewa mapema baadhi yake hurudi nyuma, lakini chanzo kikiendelea, mahali hapo ndipo saratani hupenda kuanzia. Saratani nyingi za watu wazima huanzia kwenye epithelia, na ukizingatia kwamba ndiyo tishu inayogawanyika mfululizo huku ikipokea moshi, jua, asidi na virusi kabla ya tishu nyingine yoyote, hilo halishangazi.

#7. Mama wa Kibaigwa

Mwalimu, mimi si mwanafunzi, ni mzazi tu, na nimefuatilia uzi wote. Mama mkwe wangu ana vikope (trakoma) vya siku nyingi, na kope zake zimeanza kuingia ndani ya jicho. Je, hilo nalo ni jambo la tishu hizi? Na kwa nini huku kwetu ugonjwa huu umezoeleka kiasi hiki?

#8. Mwalimu wa Kongwa

Mama, asante kwa swali. Kwanza kabisa, mpelekeni kituo cha afya akaonwe na mtaalamu wa macho mapema, kwa sababu kope zinazokwaruza jicho zinahitaji upasuaji mdogo, na kuzing'oa kwa kibanio kila zinapoota ni nafuu ya muda tu.

Ndiyo, vikope ni ugonjwa wa epithelia kuanzia mwanzo hadi mwisho. Bakteria wake, klamidia trakomatisi, hawezi kuzaliana nje ya seli. Huingia katika seli za epithelia zinazotanda upande wa ndani wa kope na kuongezeka humo. Halberstaedter na von Prowazek waliona alama zake ndani ya seli hizo mwaka 1907, huko Java, na mwaka 1957 watafiti wa China wakiongozwa na Tang Feifan walitangaza kuwa wamefaulu kumwotesha. Maambukizi ya mara moja hupona. Tatizo ni kuambukizwa tena na tena utotoni, kwa maana kila mara mwili hupeleka seli za kinga chini ya epithelia, vipele vidogo hutokea ndani ya kope la juu, na tishu unganishi ya chini hujijenga upya kwa makovu. Kovu husinyaa. Baada ya miaka mingi kope hupinda kwa ndani na nywele zake hugusa konea.

Hapo ndipo epithelia ya pili inapoingia katika maelezo. Konea imefunikwa na seli bapa za safu tano hadi saba, unene wote ukiwa wastani wa maikromita 50, bila keratini, kwa sababu keratini ingezuia mwanga. Safu hizo zinatosha kuhimili kupepesa kwa kope laini lenye machozi. Hazikuumbwa kuhimili nywele zinazokwaruza kila mtu anapopepesa, kwa hiyo hubanduka, vidonda hutokea, vijidudu vingine huingia, na konea huweka kovu jeupe lisilopitisha mwanga. Upofu wa vikope unatokana na kovu hilo.

Kuhusu sababu ya kuzoeleka kwake huku, vumbi lenyewe halina bakteria. Kinachosambaza ni mikono, kanga na taulo linalofutia nyuso za watoto kadhaa, pamoja na inzi wanaofuata matongotongo, ambao huzaliana kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi. Ongeza uhaba wa maji, ambapo ndoo iliyotoka mbali hutengwa kwanza kwa kupikia na kunywa. Kongwa imekuwa uwanja wa utafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na jaribio la kuosha watoto nyuso lililofanyika katika vijiji vya wilaya hii, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1995, lilionyesha kuwa watoto wanaodumishwa na uso safi wana uwezekano mdogo wa kupata vikope vikali. Mkakati wa Shirika la Afya Duniani una sehemu nne: upasuaji wa kope zilizopinda, dawa ya azithromaisini kwa jamii nzima, usafi wa uso, na maji pamoja na vyoo. Ukiutazama kwa jicho la uzi huu, sehemu tatu zinalinda epithelia ya mtoto na moja inaokoa konea ya bibi.

#9. Muuguzi wa Zamu

Mwalimu hajagusa mlango wa kizazi, nami naona ndiyo sehemu inayofundisha zaidi, kwa hiyo naomba niiseme. Sehemu ya nje ya mlango huo, inayotazama uke, ina seli bapa za safu nyingi. Mfereji wake wa ndani una seli za nguzo za safu moja zinazotengeneza ute. Zinapokutana kuna mpaka, na mpaka huo hausimami mahali pamoja: wakati wa kubalehe na wa ujauzito seli za nguzo hutokeza nje, zikakutana na asidi ya uke, na taratibu hugeuka kuwa bapa. Eneo hilo la mageuzi ndilo ambalo virusi vya HPV, hasa aina ya 16 na ya 18, hupenda kujipenyeza, na karibu saratani zote za mlango wa kizazi huanzia hapo.

Tunapofanya uchunguzi kwa siki, yaani asidi asetiki ya asilimia 3 hadi 5, tunatazama eneo hilohilo. Seli zenye mabadiliko huwa nyeupe kwa muda mfupi. Zikigunduliwa zingali juu ya utando wa msingi, tiba ni ya dakika chache, kwa kugandisha au kwa joto. Seli zikishauvuka utando huo, zimeingia mahali penye mishipa ya damu na ya limfu, zinaweza kusafiri, na sasa tunazungumzia upasuaji mkubwa, mionzi na dawa. Utando ambao wanafunzi huuchora kwa mstari mmoja wa penseli ndio unaotenganisha hali hizi mbili. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na wazazi wanaosita ningewaomba watafakari suala hili la eneo la mageuzi: chanjo hufaa zaidi inapotangulia virusi.

#10. PCB Dodoma Mjini

Mwalimu, uliahidi epithelia badilifu. Na kichocho kinahusikaje?

#11. Mwalimu wa Kongwa

Kibofu kina kazi mbili zinazopingana: kitanuke kutoka karibu utupu hadi kufikia mililita 400 au 500, na wakati huohuo kisiruhusu mkojo kurudi kwenye damu. Kikiwa tupu, epithelia yake huonekana kuwa na safu tano au sita, na seli za juu ni kubwa, zimetuna, nyingine zina viini viwili. Kikijaa, seli za juu hujilaza, na ukuta huonekana kuwa na safu mbili tatu tu. Utando wa juu wa seli hizo una vigae vya protini visivyopitisha maji, na akiba ya utando huhifadhiwa katika vifuko ndani ya seli, ikitolewa kibofu kinapotanuka.

Minyoo ya kichocho cha mkojo hutaga mayai kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai yana mwiba, hupenya ukuta yakitafuta kutoka na mkojo, na ndiyo chanzo cha damu mwishoni mwa kukojoa. Mengi hunasa ukutani na kuleta uvimbe wa miaka na miaka, na chini ya usumbufu huo epithelia badilifu hugeuka kuwa bapa yenye keratini. Ndiyo maana katika nchi zenye kichocho saratani ya seli bapa ya kibofu hupatikana kwa wingi, ilhali kule kusiko na kichocho saratani ya kibofu karibu yote ni ya seli badilifu. Watoto wanaoogelea kwenye mabwawa na malambo watibiwe kwa prazikwanteli mapema.

#12. Mtazamaji wa Makole

La mwisho kwangu. Katika kipindupindu, utumbo unamwaga maji kwa lita. Je, epithelia imeharibika? Na kama imeharibika, maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari, yanafyonzwa na nini?

#13. Mwalimu wa Kongwa

Haijaharibika, na hapo ndipo uzuri ulipo. Bakteria wa kipindupindu hukaa juu ya seli za nguzo bila kuzivamia. Sumu yake huingia na kuiwasha swichi fulani ndani ya seli isizimike, milango ya kloridi ya upande wa juu hubaki wazi, chumvi humwagika utumboni na maji huifuata. Mlango mwingine ulio upande huohuo wa juu, ule unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja, sumu haiugusi. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza mlango huo mjini Prague mwaka 1960. Glukosi isipokuwepo, mlango haufunguki hata kama sodiamu ni nyingi. Zikiwepo zote mbili, huingia, pampu za upande wa chini huitoa sodiamu kuelekea kwenye damu, na maji hufuata.

Kwa hiyo sukari ya ORS haikuwekwa kwa ajili ya ladha wala nguvu. Mchanganyiko uliopitishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002 una milimoli 75 za sodiamu na 75 za glukosi kwa lita. Mtu anayeongeza vijiko vya sukari akidhani anamsaidia mgonjwa huzidisha kuhara, kwa kuwa sukari isiyofyonzwa huvuta maji kurudi utumboni. Pakiti ichanganywe na kiasi kile cha maji safi kilichoandikwa juu yake, na mgonjwa anyweshwe kidogokidogo hata kama anatapika, huku akipelekwa kituoni.